Lindi hadi Mtambaswala: chumvi, korosho na mbaazi kwenye njia ya mikataba

Jumapili, Lindi mjini

Kesho alfajiri naondoka kwenda Mtwara, halafu Newala, Masasi na mwisho mpakani Mtambaswala. Ni safari ya biashara. Kikundi chetu cha akina mama hapa Lindi kinabangua korosho na kufungasha chumvi, na kwa sasa mzigo wetu mwingi unaishia stendi na kwenye maduka ya rejareja. Wenzangu wamenituma niangalie masoko mawili: korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, kwenda Komoro, chumvi kwenda Msumbiji.

Nchi zote tatu zimo SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Sisi na Msumbiji tulikuwamo tangu Lusaka, Aprili 1980, ilipoanzishwa ikiitwa SADCC. Komoro imejiunga 2018. Eneo huru la biashara la SADC lilizinduliwa 2008, na kwa maandishi sehemu kubwa ya bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi zilizomo zinavuka bila ushuru wa forodha. Hayo tumeyasikia kwenye semina hadi tumeyakariri. Nataka kujua gunia la chumvi likifika mtoni linadaiwa nini.

Jumatatu, Mtwara

Basi limefika kabla ya saa sita. Nimeacha mzigo gesti na kuchukua bajaji moja kwa moja mpaka eneo la bandari.

Bandari hii ina kina cha asili ambacho bandari nyingi zinakitafuta kwa kuchimba. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga wa baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilishindwa, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Bandari ikabaki, ikisubiri mzigo. Miaka ya karibuni imeongezewa gati la mita 300, na leo nimekuta malori ya makaa ya mawe yamepanga foleni, yametoka Ngaka kule Ruvuma. Msimu wa korosho ukichanganya, magunia yanaondokea hapa hapa kwenda India na Vietnam.

Wakala wa forodha niliyeelekezwa ni kijana mpole. Kanipa stuli, kanipa maji, halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Dada, mnunuzi wenu wa Moroni amekwambia forodha yao inamtoza nini?"

Nikamwambia Komoro imo SADC. Akatikisa kichwa, akanieleza taratibu. Kuingia jumuiya ni hatua moja, kuingia eneo huru la biashara ni hatua nyingine, kila nchi inasaini itifaki ya biashara na kuweka ratiba yake ya kushusha ushuru. Angola na Kongo zilikuwa wanachama wa SADC siku nyingi, lakini mwaka 2008 eneo huru lilipozinduliwa hazikuwamo. Kwa hiyo kabla ya kupanga bei, mnunuzi aende forodhani kwao akaulize kiwango cha leo.

Kisha akaniambia jambo lililonikaa kichwani mchana kutwa. Komoro imo kwenye eneo huru la biashara la COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kenya nayo imo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Bidhaa ya Mombasa inashuka Moroni na cheti cha COMESA, yetu ya Mtwara haina cheti hicho. Na ukichukua ramani ukapima mstari ulionyooka, Moroni iko karibu zaidi na Mtwara kuliko Dar es Salaam ilivyo karibu na Mtwara.

Sisemi kujitoa kulikuwa kosa. Serikali ilitazama viwanda vyake na mapato yake ya forodha, ikachagua kubaki SADC na kujenga Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini gharama ya uchaguzi ule iko hapa, mbele ya bahari hii, na wanaoilipa ni watu wa kusini ambao soko lao la asili ni visiwa na mto. Mkataba wa utatu kati ya COMESA, EAC (ndiyo hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki) na SADC ulisainiwa Sharm el-Sheikh, Juni 2015, ili kuziba mapengo ya namna hii. Umeanza kutumika Julai 2024, nchi 14 zilipokuwa zimeridhia, na unafanya kazi kwa zilizoridhia tu. Miaka tisa ya kusubiri. Mama mwenye mtaji wa magunia kumi hawezi kusubiri miaka tisa.

Kwa korosho karanga habari ya cheti cha uasili, kile kinachothibitisha bidhaa imetoka nchi gani, ni nyepesi kuliko nilivyoogopa. Mkorosho umeota Lindi, korosho imeokotwa Lindi, imebanguliwa Lindi: imepatikana yote nchini, hakuna hesabu ya malighafi ya kigeni. Cheti kinatolewa na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Mimea inakaguliwa na mamlaka ya afya ya mimea. Chumvi inahitaji madini joto na alama ya TBS, shirika la viwango. Nimeandika vyote kwenye daftari.

Jumanne, Newala

Lami kutoka Mtwara inaishia Mnivata. Kuanzia hapo kwenda Tandahimba na Newala ni barabara ya ujenzi: greda, michepuko, vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika zimo humu, kwa hoja kwamba ni barabara inayofungamanisha nchi jirani. Nimefurahi kuiona ikijengwa. Uwanda wa Makonde umebeba korosho ya taifa kwa miongo mingi juu ya barabara ambazo masika zilikuwa hazipitiki.

Newala nimelala kwa shangazi. Jioni tulikwenda Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likajitandaza chini. Mbele kabisa, ile rangi ya bluu iliyofifia ni Msumbiji. Shangazi akanyoosha kidole: "Kule ndiko alikozaliwa bibi yako mzaa mama." Ukoo mmoja, jando moja, vinyago vile vile. Wakati wa vita vya ukombozi watu walivuka kuja huku kwa maelfu, na wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo Nachingwea. Kwa watu hawa ujirani na Msumbiji haujaanza na itifaki.

Asubuhi yake nilikuwa kwenye ghala la chama cha msingi. Wakulima wanapima, wanapewa stakabadhi, korosho zinakwenda ghala kuu kusubiri mnada. Mazungumzo yote ni ya bei. Mzee mmoja, mjumbe wa bodi ya zamani, alinivuta pembeni nilipouliza juu ya korosho za ng'ambo.

"Mwanangu," akasema, "bei ya huku ikipanda, za kule zinavuka usiku. Bei ya kule ikiwa nzuri, au malipo ya huku yakichelewa, za huku zinavuka. Mto hauna mlango."

Ndiyo maana ya kangomba kushamiri: mtu anakuja na fedha taslimu, ananunua kwa kipimo chake kabla ya mnada, na korosho inaingia kwenye mfumo kwa jina la mwingine. Mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kilio cha korosho za Msumbiji kuingizwa huku kilisikika mkoa mzima.

Nikitazama sera za nchi hizi mbili naona wanatafuta kitu kimoja. Tanzania inatoza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa, lengo likiwa korosho ibanguliwe hapa. Msumbiji nayo, kwa sheria ya 1999, iliweka ushuru wa kati ya asilimia 18 na 22. Wao waliupata ujuzi huo kwa uchungu. Miaka ya 1990 walipunguza ushuru kwa sharti la Benki ya Dunia, korosho ghafi ikakimbilia India, viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Kwetu viwanda 12 vilivyojengwa enzi za Mwalimu vingi viligeuka maghala. Maumivu yanafanana, dawa wanayotumia ni ile ile, lakini kila mmoja anakunywa kwa ratiba yake, na tofauti kati ya viwango viwili ndiyo faida ya mlanguzi.

Kwa shangazi kuna mama jirani anayebangua nyumbani. Nilikaa naye hadi kiza. Anaweka korosho iliyokaangwa kwenye jiwe, anagonga mara moja tu kwa rungu dogo, ganda linapasuka kwa urefu, anaitoa punje kwa ncha ya waya. Mikononi amepaka majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze, lakini vidole viwili vya kulia vimeshakuwa vyeusi na ngozi inabanduka. Nzima anaweka kwenye ungo, zilizovunjika kwenye bakuli. Nzima ndiyo bei. Alizigonga zaidi ya mia nikiwa pale, na bakuli halikujaa. Kila nikisikia neno kuongeza thamani nitakumbuka vidole vile.

Jumatano, Masasi

Newala hadi Masasi ni kushuka uwanda, kisha majabali yanaanza kuchomoza. Huu ndio mji wa mbaazi, na nilikuja kwa ajili ya hadithi ya mbaazi, kwa sababu ndani yake somo lote la mikataba limekaa.

Mbaazi kwetu ni chakula, lakini kwa fedha ni zao la India. Wahindi wanalila kila siku, uzalishaji wao ukipungua wanaagiza, ukizidi wanafunga mlango. Agosti 2017 walifunga: waliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote za kutoka nje. Huku wakulima walikuwa wamelima kwa kufuata bei nzuri ya misimu iliyopita. Mfanyabiashara mmoja wa hapa, mzee wa makamo mwenye ghala nyuma ya soko, alikuwa amenunua na kujaza hadi darini.

"Simu zilikata siku moja," aliniambia. "Wanunuzi wa Dar hawapokei. Nilikwenda mwenyewe, nikaambiwa rudi na mzigo wako. Wakulima walikuja hapa mlangoni, kaka zangu, shemeji zangu, wananiuliza kilo moja shilingi ngapi, sina jibu. Wengine waliacha zikaukia shambani."

Sasa tazama ng'ambo. Kikomo kile hakikugusa makubaliano ambayo India ilikuwa imeshasaini na serikali nyingine. Msumbiji ilikuwa nayo: mwaka 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alipotembelea Maputo, walisaini kuhusu ununuzi wa mbaazi, tani zikipanda mwaka hadi mwaka mpaka 200,000. Katika ziara ile ile Modi alifika Dar es Salaam. Sisi hatukutoka na karatasi ya mbaazi. Kwa hiyo mbaazi ya kusini mwa Ruvuma ilikuwa na kiti chake, mbaazi ya kaskazini mwa mto ule ule, mbegu ile ile, ikakosa mnunuzi.

India ilifungua tena Mei 2021 na bei ikapona, na sasa mbaazi zetu nazo zinauzwa kwa mnada wa stakabadhi. Lakini mwaka huo huo India ilisaini upya kwa miaka mitano: tani 200,000 za Msumbiji, 50,000 za Malawi. Tanzania iko nje ya orodha hiyo. Tunauza kwa sababu mlango uko wazi, na aliyeufungua anaweza kuufunga.

Ninalolishika katika safari hii ni hili. Tumefundishwa kwamba kufungamana ni kupunguziana ushuru sisi kwa sisi. Inafaa, ila haitoshi mahali ambapo majirani wote wanalima korosho, mbaazi na ufuta na kuvipeleka kwa mnunuzi mmoja aliye mbali. Tanzania, Msumbiji na Malawi zikikaa meza moja na India, zikasema mbaazi zetu kwa pamoja ni tani kadhaa na tunataka mkataba mmoja, hapo ujirani ungekuwa na bei. SADC ina nchi hizo zote tatu. Kinachofanyika sasa ni kila mmoja kwenda peke yake, na anayewahi anaacha mwenzake nje. Na mambo yakichacha tunafungiana wenyewe: Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa kujibu zuio lao kwa ndizi na mazao yetu mengine, siku chache baadaye ikaondoa. Waliokuwa na malori barabarani wiki ile wanajua hasara yake.

Mchana nilichukua bodaboda kwenda Lupaso, kijijini kwa Rais Benjamin Mkapa, alikozikwa Julai 2020. Nilitaka kufika kwa sababu yeye ndiye aliyesaini kwa niaba yetu Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, Novemba 30, 1999, pamoja na Moi na Museveni. Na ni yeye huyo, akiwa mstaafu mwaka 2016, aliyesimama hadharani kupinga mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Hoja yake ilikuwa ya mtu wa kusini aliyeona viwanda vinavyokufa: Tanzania kama nchi maskini tayari inaingiza bidhaa zake Ulaya bila ushuru, sasa kwa nini ifungue soko lake kwa bidhaa za Ulaya? Novemba mwaka huo Bunge likaukataa. Kenya, ambayo haimo kwenye kundi la nchi maskini zaidi na maua yake yangetozwa, ilikuwa na hesabu tofauti, ikaishia kusaini wa kwake na umeanza kutumika 2024. Forodha moja, hesabu mbili. Naheshimu msimamo wa Mkapa mpaka leo.

Alhamisi, Mtambaswala

Masasi hadi Mangaka, Mangaka hadi mpakani, lami tupu. Gari dogo la abiria lilikuwa na watu wanane na mizigo ya watu ishirini.

Daraja la Umoja lina urefu wa mita 720. Mwalimu na Samora walilizungumza mwaka 1975, Msumbiji ilipopata uhuru. Jiwe la msingi likawekwa 2005, likafunguliwa Mei 2010 na Marais Kikwete na Guebuza, na nchi hizi mbili zililijenga kwa fedha zao. Kwa hilo peke yake linastahili heshima. Lakini upande wa Negomano, ng'ambo ya Msumbiji, barabara ya kwenda Mueda ilibaki ya udongo miaka mingi baada ya daraja kukamilika, na kuanzia Oktoba 2017 mkoa huo wa Cabo Delgado ukaingia kwenye vita. Hata upande wetu, kijiji cha Kitaya kilivamiwa Oktoba 2020.

Oktoba mto umepungua. Kutoka kingoni unaona mchanga mweupe katikati, mkondo umebaki upande mmoja, na mbali kidogo na daraja mtumbwi ulikuwa unavusha watu wawili na baiskeli.

Nilikaa na akina mama wanaouza chini ya mwembe. Mmoja, mwenye kilemba cha manjano, huvuka kila wiki. Nikamwomba anioneshe mzigo wake. Akafungua: doti za vitenge, betri, ndala za plastiki, miche ya sabuni, pakiti za chumvi.

"Kipi wanakutoza, dada?"

"Vyote, mama. Wanakadiria tu. Wakisema metikali kadhaa, nalipa, nipite."

"Una cheti cha uasili?"

Akacheka kwa upole. "Cheti cha ndala?"

Tukachambua mzigo wake kitu kwa kitu. Betri na ndala zimetengenezwa Asia, vitenge navyo, hivyo haviwezi kupata nafuu ya SADC hata akiwa na muhuri wa nani. Lakini sabuni ni ya kiwanda cha Dar es Salaam, na chumvi ni ya pwani yetu. Hivyo viwili angeweza kuvivusha bila ushuru wa forodha kama vingekuwa na cheti. Hakuna mtu aliyewahi kumtenganishia mzigo wake hivyo. Kwake mpaka una bei moja, ile anayotajiwa.

Kwa ndugu zetu wa Namanga au Mutukula, mtu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anapata cheti kilichorahisishwa cha EAC pale pale mpakani, kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Msumbiji haimo EAC, kwa hiyo cheti kile hapa si kitu. Huyu mama anatakiwa utaratibu ule ule wa lori la tani 30. Ndiyo maana anavuka hivi. Kama kuna jambo moja ningeomba viongozi wetu wa SADC walimalize mwaka huu, ni cheti cha mwenye kapu kwenye mto huu.

Habari ya chumvi alinipa bure. Negomano na vijiji vya ndani wanaitaka, pakiti ndogo za nusu kilo ndizo zinazokwenda, magunia hayana mtu. Wanapendelea iliyokauka vizuri isiyogandana. Anaweza kuchukua katoni tano kwa wiki kama tutamfikishia Mangaka.

Ijumaa, njiani

Mangaka, Masasi, Ndanda, Mnazi Mmoja, Lindi. Nimelala sehemu kubwa ya njia.

Jumamosi, Lindi mjini

Tumekutana chini ya mwarobaini wa mwenyekiti, watu kumi na wawili. Nimesoma daftari lote. Mjadala mkubwa umekuwa Komoro, kwa sababu wengine walishahesabu faida. Tumekubaliana tusipeleke hata kilo moja mpaka mnunuzi alete kwa maandishi kiwango cha forodha cha Moroni.

Chumvi inaanza. Katibu anapeleka fomu TCCIA Jumatatu, mweka hazina ananunua mifuko ya nusu kilo, na katoni tano za kwanza zitapanda basi la Masasi zikiwa na cheti chao. Yule dada wa Mtambaswala ameomba nakala mbili, moja ya kuonesha mpakani na moja ya kubaki nayo, ili wakimkadiria tena awe na la kuuliza.

Kuhusu mbaazi tumeandika barua kwa mbunge, ukurasa mmoja. Tunauliza: makubaliano ya miaka mitano ya India na majirani zetu yakifika mwisho, Tanzania itakuwa kwenye meza hiyo, na itakaa peke yake au pamoja nao?